Curry and Chips: kichekesho cha kiwandani kilichodumu Ijumaa sita

Ijumaa ya tarehe 21 Novemba 1969, siku sita tu baada ya ITV, televisheni ya biashara ya Uingereza, kuanza kurusha matangazo ya rangi, kampuni ya London Weekend Television (LWT) ilianza kuonyesha tamthilia ya vichekesho iliyoitwa Curry and Chips. Sehemu ya sita ilirushwa Ijumaa ya tarehe 26 Desemba. Hapo ikakoma. ITA, mamlaka iliyosimamia televisheni za biashara, iliagiza isiendelee.

Ukiuliza sababu, utajibiwa haraka kwamba ilikuwa na matusi ya rangi kupita kiasi. Ilikuwa nayo kweli, tena kwa mafungu. Lakini jibu hilo halitoshi. Mwaka 1972 ITV hiyohiyo ilianza kurusha Love Thy Neighbour, ambayo lugha yake haikuwa ya kiungwana hata kidogo, na hiyo ikaenda misimu minane hadi 1976. Kwa hiyo tusi peke yake halielezi kitu. Cha kuangalia ni jinsi kichekesho chenyewe kilivyoundwa: nani anatukana, nani anajibu, kamera inamwangalia nani, na sehemu inapoisha nani amepata nini.

Kiwanda na watu wake

Mambo yanatokea katika kiwanda cha kubuni kiitwacho Lillicrap, kinachotengeneza vikorokoro vya bei nafuu vya zawadi na mapambo. Anaingia mfanyakazi mpya, Kevin O'Grady, nusu Mpakistani na nusu Mwairishi, ambaye mwenyewe anajitambulisha kama Mwairishi kamili. Wenzake wanampachika jina la Paki-Paddy, matusi mawili yaliyounganishwa: la kwanza la Wapakistani, la pili la Wairishi. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, wanajeshi wa Uingereza walikuwa wamepelekwa Ayalandi ya Kaskazini, kwa hiyo hata lile la pili halikuwa utani mtupu.

Msimamizi wa kiwanda ni Arthur, aliyeigizwa na Eric Sykes. Yeye ndiye mtu mwenye nia njema, anayemtetea Kevin bila kufika popote. Norman, aliyeigizwa na Norman Rossington, ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kenny, aliyeigizwa na mwimbaji Kenny Lynch, ni mzaliwa wa London mwenye ngozi nyeusi ambaye hawataki Wapakistani kuliko hata Wazungu wanavyowakataa. Kevin mwenyewe aliigizwa na Spike Milligan: Mzungu, aliyezaliwa Ahmednagar nchini India mwaka 1918 kwa baba Mwairishi aliyekuwa katika jeshi la Uingereza, na hapa akiwa amepakwa rangi ya kahawia usoni.

Mwandishi alikuwa Johnny Speight, mzaliwa wa Canning Town, mashariki mwa London, eneo la gati na viwanda. Jina lake lilikuwa limekwisha vuma kwa Till Death Us Do Part ya BBC, na mtu anayetaka kuielewa Curry and Chips lazima aanzie huko.

Uingereza ya 1968

Hadithi ya mgeni kiwandani haikutoka hewani, na sehemu yake inapitia Nairobi. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wakazi wasio raia. Waasia wengi wa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza, wakaanza kupanda ndege kwenda London. Serikali ya huko ikatunga sheria ya kuwazuia, iliyopita Bungeni kwa siku tatu na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Tarehe 20 Aprili Enoch Powell, mbunge wa chama cha Conservative, akatoa hotuba yake ya Birmingham dhidi ya wahamiaji. Chama chake kilipomwondoa katika uongozi, makuli wa gati za London waliacha kazi na kuandamana hadi Westminster kumuunga mkono. Hao ni watu wa eneo lilelile alikotoka Speight.

Upande wa pili, mwezi Oktoba mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya 1968, ya kwanza kupiga marufuku ubaguzi katika ajira na nyumba. Ile ya 1965 iliishia kwenye hoteli, mabaa, mabasi na sehemu nyingine za umma. Sheria mpya ilikuwa na matundu. Kwa miaka miwili ya kwanza haikuwagusa waajiri wenye wafanyakazi 25 au chini ya hapo. Ilimruhusu pia mwajiri kumkataa mtu kwa nia ya kulinda “uwiano” wa watu wa asili mbalimbali mahali pa kazi. Na malalamiko yalianzia kwenye usuluhishi, si mahakamani.

Tuiweke akilini hiyo ya uwiano, maana tutairudia.

Kicheko ni cha nani

Katika Till Death Us Do Part, Alf Garnett, aliyeigizwa na Warren Mitchell, anabwata dhidi ya wageni, Wayahudi, wanawake na wanasiasa wa chama cha Labour. Lakini anabwata sebuleni kwake akiwa amezungukwa na watu watatu wasiomkubali: binti yake Rita, mkwewe Mike mwenye siasa za mrengo wa kushoto, na mkewe Else anayemzima kwa sentensi moja bila kuinua macho. Alf ni mmoja, wapinzani ni watatu. Kila anapomaliza hotuba kuna mtu wa kumwonyesha kuwa amechemsha.

Curry and Chips iligeuza hesabu hiyo kichwa chini miguu juu. Kiwandani watukanaji ndio wengi, tena ndio wachangamfu, wenye mistari mikali na wakati mzuri wa kuitupa. Anayepinga ni mmoja, Arthur, naye ni msimamizi, mtu wa upande wa mwajiri, mwenye sauti ya mahubiri. Kwenye kichekesho mhubiri hashindi hata siku moja. Hadhira hushikamana na anayechekesha, si na mwenye haki.

Speight aliitetea kazi yake kwa hoja ileile aliyomtetea nayo Alf: kwamba anawaanika wabaguzi ili watu wawacheke. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko pale sebuleni. Kiwandani ilikosa mtu wa kuibeba.

Na kuna upande wa ufundi ambao wachambuzi wengi wanaupita. Vichekesho vya studio vya wakati ule vilifanyiwa mazoezi siku kadhaa katika ukumbi wa kukodi, sakafuni pamebandikwa utepe kuonyesha kuta na milango, kisha vikarekodiwa jioni moja mbele ya watazamaji walioalikwa, kwa kamera kadhaa kwa pamoja. Mwigizaji akitupa mstari na hadhira ikacheka, inambidi asubiri. Sekunde hizo mbili tatu za kusubiri ni lazima zijazwe na picha fulani, na kuna mtu chumba cha juu anayebonyeza kitufe kuichagua.

Chukua mfano wa kutunga. Ni saa ya chai. Mfanyakazi anamwambia mgeni: “Usiguse kikombe changu, rangi yako itahamia humo.” Hadhira inacheka. Kamera ikienda kwa wenzake wanaojishika mbavu, mtazamaji wa nyumbani anaingizwa kwenye kundi lao. Ikibaki kwa mtukanaji, mtazamaji anajua kuna jambo linakuja kumpata, anangoja. Ikienda kwa aliyetukanwa, lazima uso wake uwe na jambo la kusema, na baada ya uso lazima mdomo ufuate: “Kikombe hiki hakijaoshwa tangu Jumatatu. Anayepaswa kuogopa kuhamiwa ni mimi.” Mstari wa kwanza ni uleule katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni picha moja na sentensi mbili.

Ukimweka Milligan kwenye ile nafasi ya tatu, mtego unajifunga. Uso unaoonyeshwa ni wa Mzungu aliyepakwa rangi, mwenye lafudhi ya kuigiza, naye kwa kipaji chake anautumia kuchekesha zaidi. Tusi linajibiwa kwa kituko. Milligan alikuwa bingwa wa vituko wa kizazi chake, na hapo ndipo ubingwa wake ulipomponza: kadiri alivyochekesha ndivyo Mpakistani alivyozidi kuwa kinyago.

Sisi huku tunalijua jambo hili kwa njia ya utani wa makabila. Mchaga akimtania Mpare, shughuli inakwenda kwa sababu Mpare yupo palepale, naye atalipa, tena mbele ya watu walewale. Mwondoe Mpare, umweke Mchaga aliyejifanya Mpare ajibu kwa niaba yake, uone kama hapo bado pana utani.

Mtu wa kumjibu mwandishi mapema hakuwepo hata ofisini. Speight, Milligan na Sykes walijuana tangu miaka ya 1950 kupitia Associated London Scripts, ushirika wa waandishi ulioanzia kwenye vyumba vilivyokuwa juu ya duka la mboga huko Shepherd's Bush. Walikuwa marafiki wa kazi, kila mmoja akiujua ucheshi wa mwenzake, na ukaribu huo ulizaa kazi nzuri nyingi. Kwa mada hii ulikuwa na kasoro moja kubwa: muswada uliweza kutoka mezani hadi studio bila kupita mikononi mwa Mpakistani hata mmoja.

Kenny, mbaguzi mweusi

Nafasi ya Kenny ndiyo ngumu kuipima. Speight alitaka kuonyesha kwamba chuki si mali ya Wazungu peke yao, na kwamba aliyekuwa mgeni jana hugeuka mlinzi wa mlango leo. Ni jambo la kweli, na katika mikono mingine lingekuwa moyo wa kichekesho kizima. Mtu mweusi aliyezaliwa London, anayeongea Kiingereza cha mitaani kuliko wenzake, anayetumia ujio wa Mpakistani kujithibitisha kuwa ni mwenyeji: hapo pana kicheko na uchungu vya kutosha msimu mzima.

Tatizo ni kazi aliyopewa Kenny ndani ya mtambo wa hadithi. Kila anapomrushia Kevin tusi, anawapa Wazungu wa kiwandani ruhusa. Kama hata mweusi anasema hivyo, basi si ubaguzi. Mtazamaji wa nyumbani naye anapokea msamaha huohuo. Ili nafasi hiyo ifanye kazi iliyokusudiwa, Kenny angehitaji tukio ambalo kile alichomfanyia Kevin kinamrudia yeye. Amwunge mkono Norman kumzuia Kevin asipandishwe, kisha wiki inayofuata kanuni ileile itumike kumzuia yeye.

Mambo ya kiwandani yaliyoachwa

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni kwamba kiwanda cha Lillicrap kilibaki mandhari tu. Watu wanakutana pale kurushiana maneno, wakati ubaguzi wa kazini kwa kawaida hausemwi kwa maneno. Unakaa kwenye ratiba za zamu, kwenye orodha ya kungoja kupandishwa cheo, kwenye hesabu za bonasi, na kwenye mkutano wa tawi la chama.

Mifano halisi ilikuwepo. Huko Bristol, tawi la chama cha wafanyakazi cha TGWU lilipitisha azimio mwaka 1955 la kutokubali watu wa rangi kuwa madereva na makondakta wa mabasi. Kampuni ya mabasi ilijificha nyuma ya azimio hilo hadi mgomo wa abiria wa 1963 ulipolivunja. Mwakilishi wa chama anayeimba umoja wa wafanyakazi asubuhi na kupiga kura ya kuwafungia wenzake mlango jioni ni mhusika aliyetengenezwa tayari kwa kichekesho. Norman angeweza kuwa huyo.

Sasa turudi kwenye ule uwiano wa sheria ya 1968. Msimamizi aliyeagizwa kuhesabu “uwiano” wa wafanyakazi wake lazima kwanza aamue nani ni nani. Kevin O'Grady, nusu Mpakistani, nusu Mwairishi, anayejiita Mwairishi, anahesabiwa safu ipi? Akiwekwa kwa Wairishi, uwiano unatimia. Akiwekwa kwa Wapakistani, unavunjika. Kesho yake anahitajika upande mwingine kwa sababu mkaguzi anakuja. Fomu moja, kalamu moja, na Eric Sykes mwenye jasho usoni: hicho ni kichekesho cha dakika 25 kisichohitaji tusi hata moja, na kilikuwa kimelala ndani ya sheria ya nchi tangu mwaka uliotangulia.

Maisha yenyewe yalikuja kuandika sehemu zilizobaki. Tarehe 1 Mei 1974, Waasia 39 wa kiwanda cha Imperial Typewriters huko Leicester walitoka nje, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki. Walikuwa wamegundua kwamba bonasi ilipaswa kuanza kuhesabiwa kwenye mashine 168 lakini wao walidaiwa 200. Ofisi ya chama chao ilikataa kuwaunga mkono. Miaka miwili baadaye, Agosti 1976, kwenye kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick kaskazini-magharibi mwa London, Jayaben Desai aliongoza mgomo uliodumu hadi Julai 1978. Mama huyo alizaliwa Gujarat na aliishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza. Kilichowatoa wafanyakazi wa Grunwick nje hakikuwa majina ya kuitwa. Walichoka na saa za ziada za kulazimishwa na jinsi mameneja walivyowatendea.

Mamlaka iliwezaje kuizima?

BBC ilikuwa na bodi yake yenyewe ya magavana, kwa hiyo Alf Garnett alikuwa na ukuta wa kumkinga hata alipolalamikiwa mno. ITV ilikuwa jambo jingine. Kampuni kama LWT zilitengeneza vipindi na kuuza matangazo ya biashara, lakini mitambo ya kurushia ilikuwa mali ya ITA, na kisheria ITA ndiyo iliyokuwa mtangazaji. Sheria ya Televisheni ya 1964 iliibebesha jukumu la kuhakikisha hakuna kinachorushwa kinachokiuka staha au kuwaudhi watu. Kampuni nazo zilishika mikataba ya muda. LWT ilikuwa imeanza kazi Agosti 1968 tu, ikiwa na London kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Kampuni ya mwaka mmoja na ushei haibishani na mwenye leseni yake kwa sababu ya kichekesho kimoja.

Mwenyekiti wa ITA wakati huo alikuwa Lord Aylestone, ambaye kabla ya hapo, akiitwa Herbert Bowden, alikuwa waziri wa masuala ya Jumuiya ya Madola. Haihitaji ramli kuona kwamba mtu wa namna hiyo alielewa vizuri jinsi kichekesho hicho kingesikika nje ya Uingereza.

Je, watazamaji hawakujua wanamcheka nani? Swali hili lilipimwa Marekani, baada ya Till Death Us Do Part kuzaa All in the Family ya CBS mwaka 1971. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo waliyopata kwa vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Wenye chuki nyingi na wenye chuki kidogo walikifurahia kipindi kilekile, ila wenye chuki waliona Archie Bunker, yule mbaguzi, ndiye aliyekuwa akisema kweli na kushinda mabishano. Na hicho ni kipindi chenye wapinzani wenye nguvu ndani yake. Kwa kipindi kisicho nao, mtu akadirie mwenyewe.

Waliofuata

Love Thy Neighbour nayo ilikuwa na Mzungu na mtu mweusi wa kiwanda kimoja, zaidi ya kuwa majirani. Lakini yule mweusi, Bill, aliigizwa na Rudolph Walker, mzaliwa wa Trinidad, na Bill hakubaki na deni. Jirani yake Mzungu, Eddie, akitupa tusi, linarudi, na mara nyingi Eddie ndiye anayeumbuka mwishoni. Waandishi walimpa Bill jambo jingine la werevu: yeye ni wa chama cha Conservative, ilhali Eddie ndiye mtu wa chama cha wafanyakazi. Si kwamba kipindi hicho kilikuwa safi. Matusi yake yalitoka kwenye televisheni yakaingia viwanja vya shule, na watoto weusi na wa Kiasia hawakuwa na mwandishi wa kuwaandikia majibu. Lakini kimuundo kilikuwa na miguu miwili.

Mind Your Language, inayokumbukwa na watazamaji wengi wa Kenya, ilitoka LWT ileile mwaka 1977 na kwenda misimu mitatu, kabla ya Michael Grade wa LWT kuikatisha kwa sababu ya jinsi ilivyowachora wageni. Kule ni darasani, na kila mmoja anachekwa kwa zamu, jambo linalopunguza makali bila kuyaondoa.

Mahali pa kazi palipopatikana hatimaye ni duka la kinyozi huko Peckham, kusini mwa London. Desmond's ya Channel 4, iliyoandikwa na Trix Worrell, mzaliwa wa St Lucia, ilienda sehemu 71 kuanzia 1989 hadi 1994. Humo mwenye duka ni mtu wa Guyana, Mzungu ni msaidizi wa kuajiriwa, na Matthew, mwanafunzi kutoka Gambia, analumbana na watu wa Karibi kuhusu nani ni Mwafrika wa namna gani. Maneno yanarushwa kutwa nzima, na hakuna anayerushiwa asiyejibu.

Sehemu zote sita za Curry and Chips zimehifadhiwa, na zilitolewa kwa DVD na kampuni ya Network. Anayetaka kujipimia mwenyewe, au anayeandika muswada wa namna hii, achukue karatasi na kuigawa safu tatu. Safu ya kwanza aandike nani kasema mstari wa mwisho wa kila mabishano. Ya pili, uso ulioonyeshwa wakati hadhira inacheka. Ya tatu, je, mstari huo ungechekesha kama neno la rangi lingeondolewa? Sehemu moja yatosha. Kisha afanye vivyo hivyo kwa sehemu moja ya Desmond's, na asishangae safu ya kwanza ikimwishia karatasi kwa wingi wa majina.